Kilomita ya Sitini na Tatu

Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Kuchimba shimo, kusimamisha nguzo, kumwaga zege, kwenda nyumbani. Jua lilikuwa linazama. Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wa pikapu yetu ya idara, aliniacha kando ya barabara na ndoo, mtaimbo na nguzo moja yenye namba 63.

"Napeleka vibao vya kona kule sitini na saba, halafu nakuja kukuchukua," alisema. "Usiibwe."

"Nani aniibe mimi? Atanirudisha mwenyewe."

Akacheka, akaondoka.

Barabara yetu ya mkoa inatoka stesheni ya reli hadi mpakani, na kila kilomita ina nguzo yake, isipokuwa moja. Baada ya 62 inakuja 64. Zamani, barabara ilipokuwa ya udongo, ilizunguka nyuma ya kilima kwa kona ndefu. Vibarua walikuwa wanakikata kile kilima kwa sururu, na siku moja kikawaporomokea. Hawakufukuliwa. Wakubwa waliihamisha barabara tu, wakainyoosha mbele ya kilima, ikapungua kilomita nzima. Vibarua waliobaki hai walikataa namba ile isimame tena popote. Walisema ni ya wenzao.

Fundi aliyenifundisha kazi aliniambia waziwazi: ukitoka sitini na mbili, ruka. Miaka kumi na moja nimeruka. Halafu akaja mkuu mpya, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, akasema magari ya wagonjwa yanachanganyikiwa pale, weka nguzo katikati. Na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Lile pengo lilikuwa linanikera tangu siku ya kwanza.

Nikamwaga zege. Nikalisawazisha kwa mwiko. Nikampigia mdogo wangu simu.

"Nimemaliza. Uko wapi?"

"Narudi. Nimeipita sitini na nne sasa hivi. Weka vyombo tayari."

Nikatazama upande wa 64. Barabara pale imenyooka kabisa, gari unaliona tangu mbali. Sikuona taa.

"Nguzo yako naiona," akasema. "Umeipatia, imesimama wima. Lakini wewe uko wapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya ile nguzo.

"Acha utani," nikamwambia.

"Dada, sitanii. Kuna vibarua hapa. Wengi..." Sauti yake ikashuka. "Hakuna lami, dada. Ni udongo mtupu. Kuna mzee ameshika kitambaa chekundu, ananisimamisha."

Harufu ya udongo mbichi ikanijaa puani. Ilikuwa kiangazi, miezi minne bila tone.

Kisha nikasikia kwenye simu.

Ko... ko... ko...

Sururu, nyingi, zikipiga mwamba kwa pamoja.

"Geuza gari," nikanong'ona.

"Nyuma hakuna barabara."

"Basi pita."

"Nyapara wao ana daftari. Anaita majina... Anasema wamepungukiwa mtu mmoja. Ananiuliza jina langu."

"Usimwambie. Unanisikia? Usimwambie jina lako."

Simu ikakatika.

Nilijua kosa lilikuwa wapi. Nilikuwa nimewarudishia kilomita yao kwa mikono yangu, na mdogo wangu alikuwa ndani yake. Nikaikumbatia nguzo, nikavuta. Haikutikisika. Zege nililolimwaga robo saa iliyopita lilikuwa limekauka na kuota ukungu wa kijani, kama la miaka hamsini. Nikachukua mtaimbo. Nilipiga huku nalia, nikimwita mama, nikiwaomba radhi watu nisiowaona. Nilichoogopa zaidi ya yote ni kurudi nyumbani peke yangu.

Zege likapasuka. Nguzo ikalala.

Kimya.

Halafu taa mbili, kutoka upande wa 64. Pikapu ilikuja polepole, ikasimama. Ilikuwa nyekundu kwa vumbi hadi kwenye vioo, na tulikuwa tumeiosha asubuhi ile ile.

Mdogo wangu alishuka. Nywele na ndevu zilikuwa zimemfunika uso. Nilimshika mikono, viganja vilikuwa vigumu, vimejaa sugu. Huyu ni mtu wa usukani, hajawahi kushika jembe maishani.

Alinitazama muda mrefu.

"Mama bado yupo?" akauliza.

Tulikuwa tumekunywa naye chai asubuhi.

"Yupo," nikasema. "Twende nyumbani."

"Nilikataa, dada. Kila jioni ananiuliza jina, kila jioni nakataa. Nilichimba mvua ya kwanza yote nikikataa, na ya pili. Halafu akasema ataniachia, mradi nimpe jina la kuandika. La mtu yeyote wa barabarani."

Nilimfuta vumbi usoni kwa kitambaa changu.

"Nilimpa la kwako," akasema.

Simlaumu. Ningekuwa mimi, sijui ningehimili mvua ngapi. Na hadi leo sijui kilichomtoa ni mtaimbo wangu au jina langu.

Mkuu nilimwandikia kwamba ardhi ya pale haishiki zege. Alinung'unika, lakini akaacha. Mdogo wangu ameacha udereva, anakaa kwa mama, na hapendi kukaa chumba kimoja na mimi. Mimi niko barabara ile ile kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Ila jua likianza kuzama, mtu akiniita, namtazama mdomo kwanza. Nisipouona ukifunguka, siitiki.

Jana jioni tulikuwa tunapaka rangi nguzo ya 62. Ikaja ile harufu. Kisha nikaitwa jina langu kamili, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kukusanya brashi. Ikaita mara ya pili. Nikauma meno. Ikaita mara ya tatu, ikangoja.

Fundi rangi wetu, mtu mgeni, muungwana sana, alidhani sijasikia. Akageukia kilima, akajibu kwa niaba yangu.

"Yupo."