Ngangari na TV ya Milango Miwili

Kila Jumamosi, akishafua sare ya shule na kuianika, Ngangari alikwenda chumba cha nyuma kufuta vumbi. Humo hamkuwa na kitanda wala meza. Mlikuwa na redio na televisheni za zamani, zimepangwa kutoka mlangoni hadi dirishani, nyingine zimepandiana. Mama yake alikuwa fundi cherehani na alikihitaji sana chumba hicho kwa kazi yake. Alizoea kusema kwamba nyumba hii ina redio nyingi kuliko watu.

"Na hao watu wenyewe hawasikilizani," babu alimjibu.

Babu huyo alikuwa baba yake mama. Zamani alikuwa akiendesha mtambo wa kuonyeshea picha kwenye jumba la sinema. Jumba lilipofungwa, akaanza kukusanya vitu ambavyo watu waliona vimepitwa na wakati. Alipenda hasa redio kabati, yaani redio na kinanda cha santuri ndani ya kabati moja la mbao, lenye miguu na kifuniko. Alipenda pia televisheni zenye chogo, zile nene kwa nyuma, ambazo ukizibeba mgongo unakueleza.

Jina la Ngangari lilitoka shuleni, na lilimkaa barabara. Ukimwambia njoo, anauliza kwa nini. Ukimwambia kaa, anasimama mpaka miguu imuume. Babu hakulalamika, maana kazi waliyoipenda zaidi ilikuwa kulinganisha, na huwezi kulinganisha na mtu anayekubali kila kitu. Waliweka redio kabati mbili ubavu kwa ubavu, wakapiga santuri ileile kwenye moja kisha kwenye nyingine, halafu wakaanza kubishana. Babu akisema hii ina besi nzito, Ngangari alisema besi gani, hiyo inakohoa. Babu akisema basi ile nyingine inaimbia puani, Ngangari alisema afadhali puani. Mama aligonga ukuta kwa mkasi, wakashusha sauti kidogo, wakaendelea.

Redio moja waliipenda kuliko zote, lakini ilikuwa na kasoro. Kifuniko chake kilipotea, na mkono unaoshika sindano ya santuri ulikuwa umekatika. Pacha wake alikuwa kwa kinyozi wa mtaa uleule, mzima kabisa, amewekwa pembeni na kurundikiwa taulo. Kila alipopita pale, Ngangari alichungulia. Aliitaka redio ile mpaka akaona kama anaonewa.

Siku moja mama alimpeleka babu hospitali kupimwa macho. Ngangari alibaki peke yake. Kinyozi akabisha hodi.

"Shikamoo, mjomba." Watoto wote wa mtaa walimwita hivyo.

"Marahaba. Mzee yupo?"

"Amekwenda hospitali na mama."

Kinyozi aliingia hadi chumba cha nyuma, akaangaza macho. Alieleza kwamba wateja wake wanamkimbia, wanakwenda kunyolewa kwa kinyozi wa kona kwa sababu yule ana TV ya kutazamia mpira.

"Nataka ile yenye milango miwili," alisema. "Imekaa kistaarabu. Nitawapa redio kabati yangu, inanijazia nafasi tu."

Moyo wa Ngangari ulimruka. Lakini TV hiyo, ambayo kioo chake kilifunikwa kwa milango miwili ya mbao, aliijua vizuri. Ukiiwasha, taa nyekundu inawaka na sauti inatoka, lakini kioo kikishapata moto, kinachoonekana ni mstari mmoja mweupe, umelala katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Babu alijaribu kuitengeneza akashindwa.

"Inawaka?" kinyozi aliuliza.

Neno hili lina ujanja wake, na kila aliyewahi kununua kitu kilichotumika anaujua. Anayeuliza kama TV inawaka anataka kujua kama ataitazama. Mjanja anayejibu anazungumzia taa.

"Inawaka," alisema Ngangari.

Akachomeka waya, akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka, spika ikachachatika. Kabla kioo hakijapata moto, akaizima.

"Za zamani hazitaki kuchoshwa," alisema.

Kinyozi akaridhika. Akaleta mkokoteni, akashusha redio, akapakia TV. Babu aliporudi, macho yake yakiwa bado yana dawa, aliipapasa redio mpya kwa viganja, juu, ubavuni, hadi miguuni. Uso wake uling'aa.

"Kinyozi anajua hali ya ile TV?" aliuliza.

"Ameiona mwenyewe ikiwaka."

"Basi labda anaitaka iwe pambo," babu alisema, akafungua kifuniko.

Jioni ile walipiga santuri hadi mama akachoka kugonga ukuta.

Kesho yake, Jumapili, kinyozi aliwaita wateja kutazama mechi. Aliunganisha king'amuzi, akapanga viti, akawasha. Mstari mweupe ukatokea, na sauti ya mtangazaji nyuma yake. Mmoja akauliza kama leo wanacheza juu ya waya. Mwingine akasema golikipa amelala, tena na timu nzima imelala naye. Walicheka, wakainuka, wakaenda kwa kinyozi wa kona. Hata aliyekuwa amenyolewa upande mmoja aliondoka nao.

Kinyozi alifika nyumbani kwa babu akiwa bado amevaa aproni yenye nywele.

"Mzee, mtaa huu mtu akitaka kununua kitu cha zamani, anakuja kukuuliza wewe kwanza," alisema. "Ukisema kizima, ananunua. Ukisema kibovu, anaacha. Kuanzia leo nitawaambia waulize kwingine."

Babu alimwita mjukuu wake. Ngangari akatoka ndani, mikono kiunoni.

"Uliniuliza kama inawaka, na inawaka. Hukuniuliza kama inaonyesha."

"Wewe mtoto," mama alisema.

"Nimesema uongo gani, mama? Nionyesheni neno moja tu la uongo."

Hakuna aliyeliona. Kinyozi alimtazama babu. Babu alimwomba ampe nafasi mpaka jioni, naye akaondoka akijikung'uta nywele.

Babu alikaa kwenye kiti chake karibu na redio. Hakumgombeza mjukuu wake, na hilo lilimkera Ngangari zaidi, kwa sababu alishajiandaa kujibu.

"Hata wewe huwezi kunionyesha," alisema.

"Uliiwasha mbele yake?"

"Niliiwasha."

"Ukaizima?"

"Nikaizima."

"Kwa nini?"

Ngangari alichukua kitambaa, akaanza kuifuta redio vumbi.

"Neno lako lilikuwa sawa," babu alisema. "Mkono wako ndio uliodanganya. Kama kuwaka kulitosha, mkono ulikuwa na haraka gani?"

Ngangari alitafuta jibu. Alilitafuta kwa hasira, kama mtu anayepekua mifuko yake yote, na hakulipata. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa nguvu kwa sababu hakutaka mtu adhani anatafuta huruma.

"Nitaazima mkokoteni, niirudishe redio mwenyewe," babu alisema, akiinuka kwa kujikongoja. "Nitamwomba radhi. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba."

"Huendi."

"Unanikataza mimi?"

"Ndiyo, nakukataza. Hukuwepo nilipofanya. Hutaomba radhi kwa kitu ambacho hukukifanya. Ukienda, nitalala mlangoni mbele ya mkokoteni."

Babu akajua atalala kweli. Mama alimsaidia Ngangari kupakia redio kwenye mkokoteni wa kuazima, akataka kusukuma pamoja naye. Ngangari alikataa. Aliisukuma redio katikati ya barabara mchana kweupe, kila mtu akimtazama, na yeye akiwatazama hivyohivyo.

Kwa kinyozi walikuwamo wateja wachache. Aliingia bila kusubiri wanyamaze.

"Shikamoo, mjomba. Redio yako nimeirudisha. TV inawaka lakini haionyeshi, na nilijua. Niliizima makusudi usione. Samahani."

Kinyozi alizima mashine ya kunyolea. "Mzee ndiye kakufundisha ujanja huo?"

"Babu hakuwepo na hakunituma. Nilaumu mimi. Ukimsema babu vibaya, nitakaa hapo mlangoni kwako kila siku nikitoka shule, nimwambie kila anayeingia kwamba mwongo ni mimi, siyo yeye."

"Unanitisha ndani ya duka langu?"

"Ndiyo."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti alicheka, povu likamwingia mdomoni. Kinyozi alijizuia, lakini midomo ilimcheza. Akaizunguka redio yake, akaikagua.

"Hamjaiharibu?"

"Hatujaiharibu. Ina besi nzuri kuliko ya kwetu, nakubali. Lakini kioo cha kusomea stesheni kina ufa. Kilikuja hivyo."

"Kweli, kina ufa."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza," kinyozi alisema.

Wateja waligeuka kumtazama. Kinyozi mwenyewe alijisikia alichosema, akajikuna kichwa. Halafu akacheka, kwanza kidogo, kisha kwa sauti.

"Haya, tumefungana," alisema. "Redio yangu siitoi, usinitazame hivyo. Ila Jumamosi leteni ile yenu tuzilinganishe hapahapa. Wateja wangu ndio waamuzi. Nywele zinawapungua, lakini masikio wanayo. Na mzee wako mwambie sijamsema popote."

Jumamosi walilinganisha, na Jumamosi iliyofuata pia, kwa sababu waliobishana mara ya kwanza walirudi kumalizia. Babu alikuwa ameitengenezea redio yake mkono mpya wa sindano. Duka likajaa, na kinyozi wa kona akabaki na mpira wake.

Lakini siku ile ya kurudisha redio hakuna aliyejua hayo. Ngangari alisukuma mkokoteni kurudi nyumbani, TV ya milango miwili ikitikisika juu yake. Babu alikuwa amesimama njiani, nusu ya safari. Alikatazwa kwenda, akaenda nusu.

"Amekubali," alisema Ngangari. "Lakini redio bado naitaka. Naitaka sana."

"Na mimi naitaka," babu alisema, akishika mkokoteni upande wa pili. Walisukuma kidogo. "Watu watakwambia uache ubishi. Mimi sikwambii hivyo. Mchana umeutumia ubishi wako kutetea uongo, na sasa hivi umeutumia kuutoa uongo huo hadharani. Ni ubishi uleule, mdomo uleule. Chagua wewe cha kutetea. Na kumbuka kwamba mtu anaweza kudanganya bila kusema neno la uongo hata moja. Ukimficha mwenzako kile ambacho angetaka kukijua, umeshamdanganya, hata kama ulimi wako ni safi."

Ngangari alitaka kulibishia hata hilo. Alifikiri mpaka wakafika mlangoni.

"Hilo nakubali," alisema, na babu akasimamisha mkokoteni, kwa sababu neno hilo hakuwahi kulisikia kwake.