Kipande cha Aliye Mlangoni

Mama yangu hapendi kuisimulia habari hii, na mimi sikuwepo. Nilikuwa kazini Lyon. Lakini nimeisikia kwake mara tatu, na mara zote tatu hakubadilisha neno.

Ilikuwa Januari sita, Sikukuu ya Tokeo la Bwana, saa tisa alasiri. Jua lilikuwa jepesi na watu wa Bourges, mji wetu huku Ufaransa, walitembea bila kufunga makoti. Katika jumba letu la Vernay, nyuma ya kanisa kuu, walikuwa wanne: bibi yangu Hortense, mwenye miaka tisini na mmoja, mjomba Gaétan, mama yangu Sabine, na mama mdogo Odile, kitindamimba wao. Mezani palikuwa na keki ya lozi, bado ya moto, na ndani yake kimefichwa kisanamu cha kauri. Atakayekipata ndiye mfalme wa siku.

Aliye mdogo kuliko wote huingia chini ya meza. Mkataji huuliza kipande hiki cha nani, naye asiyeona kitu hutaja jina, pasiwe na upendeleo. Watoto hawakuwepo, kwa hiyo aliyeingia ni Odile, mwenye miaka arobaini na saba.

"Miaka yote hii na bado hujapanda cheo," Gaétan alimtania.

"Nisubiri, Kaka. Haya magoti ni ya zamani kuliko jumba hili."

Kwetu keki hukatwa kipande kimoja zaidi ya idadi ya watu. Cha kwanza ni cha aliye mlangoni. Bibi aliipokea ada hiyo kwa mama mkwe wake, pamoja na sababu yake: katika baridi kuu ya mwaka 1709, siku kama ile, mwanamke aligonga lango akaomba kipande, na mwenye jumba akaamuru lisifunguliwe. Tangu hapo, kila mwaka, kipande huwekwa nje. Asubuhi hakipo.

Mwaka ule Gaétan alikata vinne tu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, na kwa miaka mitatu alikuwa akiandika historia ya jumba. Rejista zote za parokia alikuwa amezipekua. Alimweleza bibi, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, kwamba hapana maiti iliyookotwa langoni kwao, si baridi ile wala miaka iliyofuata.

"Hakuna aliyekufa pale, Mama."

Bibi aliweka uma chini. "Nani alikuambia alikufa?"

Gaétan akacheka. Akagusa kipande cha kwanza kwa ncha ya kisu, akauliza ni cha nani.

"Cha aliye mlangoni," Odile alijibu kutoka chini, kwa mazoea.

Akaambiwa mwaka huu mlangoni hakuna mtu, achague tena. Kitambaa cha meza kilitikisika kidogo. Kisha akataja: cha Mama. Cha Dada. Cha Kaka. Sauti ilizidi kufifia, mama anasema, kama ya mtu anayeondoka huku anaongea.

Kikabaki kimoja.

"Hiki cha nani?"

Ubaridi ukapita miguuni mwao.

"Changu."

Mkono ulitokeza chini ya kitambaa ukapokea. Kisha akatoka mwenyewe. Sweta ya Odile. Nywele za Odile. Uso wa Odile. Akakaa, akala kwa mikono miwili, bila kuinua macho. Kauri ikavunjika menoni mwake.

Hakuitema.

Hapo lango likagongwa. Mara tatu.

Bibi akasukuma sahani yake hadi mbele ya mama yangu.

"Mpelekee mdogo wako," alinong'ona. "Kimbia."

Mama akamtazama aliyeketi mbele yake. Si huyu hapa? Si anakula? Gaétan akasema bibi amechoka, apelekwe akapumzike. Wakabishana. Dakika mbili, mama anasema. Labda tatu. Akifika hapa hulia.

Lango likagongwa tena, taratibu zaidi.

Alikimbia. Alipofika uani aliisikia sauti nyuma ya mbao, chini kabisa, karibu na ardhi, kama ya mtu aliye bado chini ya meza.

"Dada, fungua. Sielewi nimefikaje huku."

Komeo lilikuwa zito. Akaitupa sahani, akalivuta kwa mikono yote miwili. Lango likafunguka.

Mtaani palikuwa na jua, na mzee mmoja akitembeza mbwa. Mzee hakuwa ameona mtu. Mbwa alikataa kupita mbele ya lango.

Miaka minane imepita. Bibi tumeshamzika. Gaétan alizichoma kurasa zake zote. Yule anayejiita Odile bado anaishi jumbani. Ni mpole. Analala kando ya jiko, Julai huvaa makoti mawili, na mkate hauwekeki ndani, huumaliza wote. Kila Januari mimi ndiye ninayepeleka kipande nje. Asubuhi hakipo.

Lakini kwenye mbao za lango, upande wa nje, ipo alama ya kiganja cha mwanamke. Ni ya barafu. Jua la kiangazi haliiyeyushi. Mwaka wa kwanza ilikuwa usawa wa kifua changu. Mwaka wa tatu, kiunoni.

Mwaka huu ilinibidi nipige magoti ili niiguse.