Tymek Anashika Nafasi

Kila siku shule ikifungwa, Tymek alimsubiri dada yake kwenye benchi la kijani karibu na geti. Alikuwa na miaka saba. Wenzake walikimbizana na kuvutana kofia, yeye alikaa palepale na begi lake magotini mpaka Bogna atokeze. Bogna, mwenye miaka kumi na mitatu, hakuwa na haraka. Alipiga soga kwanza na rafiki yake Otylia, kwa sababu alijua mdogo wake habanduki. Ukimwambia Tymek kaa hapa, amekaa.

Jumamosi ya kwanza ya likizo, mama yao alipanga kuwapeleka kwenye bustani ya michezo nje ya mji, na Otylia akaalikwa. Asubuhi bibi yao, Halszka, alipaka siagi mikate ya safari huku Bogna akinung'unika. Alichokitaka yeye ni kupanda Joka tu, kile kigari kinachopandishwa relini hadi juu kisha kikaachiwa kiteremke kwa kasi. Lakini kila aliyekwenda alirudi na habari za foleni.

"Mtu unasimama saa mbili nzima, Bibi!"

"Saa mbili ndiyo nini?" Bibi alicheka. "Sisi enzi zile za uhaba, foleni ya nyama tulianza alfajiri. Unamwacha mtoto akushikie nafasi, wewe unakimbilia foleni ya viatu. Nyumba hii haikulala njaa hata siku moja!"

Mama, aliyekuwa akijaza chupa maji, hakucheka. "Mkifika huko msiachane," alimwambia Bogna. "Mdogo wako usimwache peke yake."

"Sawa, Mama."

Walipofika, jua lilikuwa kali tayari. Mama na Bibi walitafuta meza chini ya misonobari, watoto wakaenda zao. Foleni ya Joka ilijikunja mara kadhaa kati ya vyuma na mkia wake ulikuwa nje kabisa. Pale mwanzoni palikuwa na ubao wenye picha ya joka lililotoa ulimi. Asiyefika kwenye ulimi, hapandi. Bogna alitazama ubao, akatazama kichwa cha mdogo wake. Mtoto alipungukiwa vidole vinne.

"Tymek, unataka kupanda na mimi?"

Macho ya mtoto yaling'aa. "Nitafika?"

"Ukivaa kofia utafika. Sasa wewe shika nafasi, sisi tunarudi sasa hivi. Lakini usitoke, sawa? Ukitoka tu, nafasi imekwenda."

"Sitoki," alisema Tymek, akasimama wima kama askari.

Walipokuwa mbali kidogo, Otylia alisema, "We Bogna, yule mtoto hafiki."

"Najua. Nyamaza."

Wakaenda kwenye vigari vya kugongana, wakapanda bembea za minyororo, wakala mikate ya moto yenye uyoga na jibini. Kila walipopita karibu na ile foleni waliwacheka watu waliokuwa wakijipepea. Bogna alijiona mjanja kuliko wote. "Damu ya Bibi hiyo," alijisifu.

Waliporudi, Tymek alikuwa karibu kufika mbele. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua na sweta lake alikuwa amelifunga kiunoni. Bogna alijipenyeza huku akiomba radhi.

"Acha kuchomekea, binti!" alifoka mzee mmoja. "Wewe hukusimama hapa!"

"Nimeshikiwa nafasi na mdogo wangu."

"Amekushikia kweli," alisema mama mmoja mwenye kofia ya ukindu, aliyesimama nyuma ya Tymek. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Tangu kule mwisho. Maji nimempa mimi. Nikamwambia aende chooni nitamlindia nafasi, akakataa. Anasema dada yake kamkataza kutoka."

Hapo ndipo Bogna alipolitazama vizuri lile sweta, na suruali iliyolowa chini yake. Alisikia na harufu.

"Nimeshika," Tymek alinong'ona. "Sikutoka hata kidogo."

Bogna aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kumshika mkono na kuondoka naye saa ileile. Lakini mbele yao walikuwa wamebaki watu wachache tu, na Otylia alikuwa akimvuta.

Kijana wa mlangoni alimvua Tymek kofia, akamsimamisha kwenye kipimo. "Huyu hapandi," alisema.

Tymek hakumtazama kijana. Alimtazama dada yake. "Si ulisema nitafika?"

"Jamani, songeni huko mbele!" watu walipiga kelele.

"Dada mtu, unapanda au unatoka naye?" kijana aliuliza.

"Nisubiri pale mlango wa kutokea," Bogna alimwambia mdogo wake haraka. "Narudi sasa hivi." Akapanda.

Joka lilipanda polepole, likaporomoka. Bogna alipiga mayowe, akacheka mpaka machozi. Alifurahia, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Kwenye mlango wa kutokea, Tymek hakuwepo. Bogna aliita. Alizunguka kibanda cha aiskrimu, akachungulia chooni, akarudi tena mlangoni. Tymek hakuwahi kuondoka mahali alipoambiwa asubiri, hata siku moja. Alikimbia hadi kwenye meza ya mama yake akilia, Otylia nyuma yake.

Tymek alikuwa pale, amefungwa kitambaa cha meza kiunoni. Suruali yake ilikuwa imeanikwa kwenye benchi. Yule mama wa kofia ya ukindu alikuwa ameacha nafasi yake aliyoihangaikia mchana kutwa, akamleta.

"Tymek, nisamehe," Bogna alisema.

Mtoto aliendelea kumenya yai lake.

"Haya, yamekwisha," Bibi alisema, akijaribu kucheka. "Suruali itakauka. Hata mama yenu nilikuwa namwacha kwenye foleni ya nyama, na mbona amekua?"

"Nakumbuka, Mama," alisema mama yake Bogna. "Nilikuwa na miaka sita. Uliniambia unarudi sasa hivi. Watu wazima walinisukuma mpaka nikatolewa nje ya foleni, nikaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Nyama yenyewe sikumbuki tulikula au hatukula. Ile hofu naikumbuka."

Bibi aliweka kisu chini.

Mama akamgeukia Bogna. "Wakati ule watu walikuwa na shida. Wewe ulikuwa na shida gani? Foleni inachosha, nakubali. Lakini uchovu wako umebebeshwa mtoto, tena kwa uongo. Hukumchagua kwa sababu ni mdogo. Ulimchagua kwa sababu anakuamini. Kusamehe atakusamehe. Kukuamini tena ni kazi, na kazi hiyo ni yako."

Septemba shule zilipofunguliwa, Bogna alitoka darasani mbio bila kupiga soga na mtu. Alifika getini wa kwanza, akakaa kwenye benchi la kijani, begi magotini.

Tymek alitoka na wenzake. Alimwona, akasimama kidogo, kisha akaanza safari ya nyumbani peke yake. Bogna aliinuka, akamfuata nyuma bila kumwita.