Mama Mkwe Si Mzito

Eliamini anaendesha bodaboda Myamba. Mke wake, Yudith, ana mimba ya kwanza, na siku zake zimekaribia.

"Kamlete mama kutoka Bendera," Yudith alimwambia. "Sitaki kujifungua bila mama yangu."

Eliamini akashuka bondeni kumchukua mama mkwe, Bi Priska. Wakati wa kupanda mlima, injini ilianza kugonga: ko-ko-ko! Ikatoa moshi, ikaishiwa nguvu.

"Mama, naomba ushuke kidogo," alisema Eliamini. "Pikipiki imezidiwa."

"Imezidiwa na nini?"

Eliamini akatazama miti. "Na mzigo, mama."

Bi Priska alikuwa na mkoba mmoja tu. "Kwa hiyo mzigo ni mimi!"

Akashuka, akageuka, akarudi Bendera kwa miguu. Hakuaga.

Nyumbani, Yudith alishika kiuno. "Umemwambia mama yangu ni mzito?"

"Sikusema mzito. Nilisema mzigo."

"Bora ungenyamaza! Kesho nimwone hapa. Asipokuja, utanizalisha wewe."

Eliamini akakimbilia kwa fundi Mbaraka, pale sokoni.

"Fundi, nifungie springi ngumu. Mama mkwe ni mzito."

Mbaraka hakugusa springi. Alifungua tangi, akanusa. "Mafuta haya umenunua wapi?"

"Ya chupa, kule njiani. Bei yake nzuri."

"Nusa mwenyewe. Yamechanganywa na mafuta ya taa."

"Si yanawaka?"

"Yanawaka, tena yanawahi! Petroli ina kipimo kinachoitwa okteni. Ukichanganya na mafuta ya taa, okteni inashuka. Mafuta yanawaka ndani ya injini kabla ya wakati wake, hasa ukipanda mlima. Ndiyo hiyo ko-ko-ko. Ukiendelea hivyo, utaua pistoni."

"Kwa hiyo mama mkwe…"

"Hana kosa. Kamwambie mwenyewe. Mimi simo."

Mbaraka akamwaga mafuta yale machafu na kusafisha plagi. Akaweka petroli safi kidogo, ya kumfikisha Eliamini kwenye kituo cha mafuta bondeni. Huko Eliamini akajaza tangi. Tangu siku hiyo hanunui tena mafuta ya chupa.

Kesho yake, Jumapili, alifika Bendera.

"Shikamoo, mama."

Bi Priska alimtazama kwanza. "Marahaba."

"Mama, nisamehe. Ubaya ulikuwa kwenye mafuta. Si wewe."

"Tutaona." Akaingia ndani, akatoka na kiroba cha mchele na jogoo. "Leo mzigo upo. Twende."

Wakaanza kupanda. Kona ya kwanza, hakuna ko-ko-ko. Kona ya pili, hakuna. Injini ilinguruma vizuri, na jogoo peke yake ndiye aliyelalamika. Walipokaribia Myamba, Bi Priska alimgonga Eliamini begani.

"Nisimame, mama?" aliuliza kwa hofu.

"Usisimame! Punguza mwendo tu. Watu wanatoka kanisani, na hawajaniona vizuri."