Mtaro wa Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Esteri alishuka na ndoo hadi chemchemi iliyo chini ya shamba lao, huko Busunzu. Kila asubuhi alipandisha maji mekundu kama chai ya rangi. Udongo wa shamba ulikuwa unahamia bondeni, na mwaka uliopita mvua ilisomba hata maharage. Waliyavuna kwa macho tu.

Kwamba udongo uzuiwe, wote nyumbani walikubaliana. Ugomvi ulikuwa juu ya namna ya kuuzuia. Baba yake, Tharsisi, alitaka mitaro ya kukatiza mteremko. Bibi Pelagia alitaka mabingobingo, majani marefu yenye mizizi ya kushika udongo.

"Mama, majani yatakula shamba," alisema Baba.

"Na mitaro itakula mgongo wako," alijibu Bibi. "Mvua moja tu, inabomoka."

Walibishana wiki nzima, ugali wa muhogo ukipoa mezani. Mwishowe wakagawana mteremko kama watoto wanaogawana muwa: juu mitaro ya Baba, chini majani ya Bibi.

Esteri, aliyekuwa darasa la sita, alipewa kazi ya kupima. Shuleni walifundishwa kutumia miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na jiwe linaloning'inia kwa kamba. Jiwe likitulia katikati, miguu ya miti iko usawa mmoja. Alipima mitaro mitatu vizuri. Alipofika wa nne, wenzake wakamwita wakacheze netiboli. Akakadiria kwa macho, akachomeka vijiti, akakimbia. Baba akachimba akivifuata vijiti hivyo.

Jumamosi mawingu mazito yalitanda. Esteri akautazama mtaro wa nne. Ulikuwa umeinama upande mmoja. Maji yangekusanyika pale, yangeupasua, kisha yangeondoka na maharage yaliyoanza kuota na majani ya Bibi. Bibi angemlaumu Baba, na hakuna ambaye angemshuku yeye. Kunyamaza kulikuwa rahisi, lakini aliona haya.

"Baba, ule wa mwisho sikuupima," alisema. "Nilikadiria."

Baba akachukua jembe. "Kalete miti yako."

Walipima upya, wakachimba upya. Udongo wa ukingo ulikuwa unamomonyoka mikononi, na Baba akakuna kichwa.

"Mama," akaita, "yale mabingobingo yamebaki?"

Bibi alitabasamu mpaka mapengo yakaonekana. Alileta fungu zima la mashina yenye mizizi. Walikuwa wanashindilia la mwisho ukingoni matone yalipoanza kuwapiga mgongoni.

Mvua ilinyesha mpaka jioni. Asubuhi Esteri alikimbia shambani kabla hata ya kunawa uso. Mitaro yote minne ilikuwa imejaa maji yaliyotulia, na maharage yamesimama. Akashuka kwenye chemchemi, akauona mchanga wa chini kabisa. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kuteka.

Baba alifika, akachota kwa kiganja, akanywa. "Mwakani tutapanda majani mpaka juu," alisema.

"Na mitaro tutachimba mpaka chini," Bibi akaongeza. Kisha akamshika Esteri bega. "Mwana wanje, mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi na baba yako tulikuwa tunashindana nani ana akili zaidi. Wewe ukasema kweli kabla ya mvua, ndiyo maana tuna maharage."