Bado Hajasema Achia

Shemeji yangu watu wote wanamwita Kanyaga, na hakuna aliyewahi kukaa gerejini kwake akahitaji kuuliza kwa nini.

Kazi yake ni breki. Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili. Mmoja anaingia shimoni, chini ya gari, na spana yake. Mwingine anakaa kwenye usukani, mguu juu ya pedali. Wa chini anasema "Kanyaga", wa juu anajibu "Nimekanyaga". Wa chini anasema "Shikilia", wa juu anajibu "Nimeshikilia". Hapo nati inalegezwa, mafuta yanatoka pamoja na upepo, nati inakazwa, ndipo linakuja neno la mwisho: "Achia". Ukiachia kabla ya kuambiwa, upepo unarudi ndani na jasho lote limekwenda bure. Kwa hiyo mwiko wao ni mmoja tu. Wa juu haachii mpaka asikie neno lenyewe, na wa chini hatoki shimoni kabla hajalisema.

Wa juu siku zote alikuwa dada yangu, mkewe. Walikuwa wameizoea kazi hiyo mpaka ikawafuata nyumbani. Shemeji akimpa dada sufuria la moto alisema "Shikilia", na dada alibaki amelishika katikati ya jiko mpaka aambiwe "Achia". Tulicheka mno. Mimi nilikuwa nikiuza vipuri katika kiduka cha mbele ya gereji, na nilikuwa nimeshawaambia kwamba siku moja mtu ataungua.

Basi mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole wa miwani, alituletea gari lake la kijivu.

"Fundi, likipigwa na baridi breki zinanikamata," alisema. "Nakanyaga, pedali inazama, hairudi. Magurudumu yanashikwa kabisa. Jua likitoka, linajiachia lenyewe."

Shemeji aliliendesha, akarudi anatabasamu. Breki nzima. Alifungua magurudumu, akasafisha, akabadilisha mafuta ya breki kwa sababu yalikuwa yamenyonya maji. Mwalimu akaondoka. Baridi ilipopiga tena, akarudi na maneno yaleyale. Shemeji akabadilisha pedi. Akarudi tena. Na kila alipofika, jua lilikuwa limeshapanda na gari halina hata homa.

"Hili gari linaniumbua," shemeji aliniambia, na safari hii hakuwa anatania. "Ugonjwa wa baridi unapimwa kwenye baridi. Lilale hapa."

Likalala juu ya shimo, milango ya gereji wazi ili baridi iingie. Na baridi ikaingia kweli. Kulipopambazuka mabati yalikuwa yanachuruzika umande, na pumzi zetu zilikuwa zinaonekana. Shemeji alifungua mlango wa gari, akakanyaga pedali. Ikazama. Haikurudi. Alishangilia kama mtoto.

"Nimekukamata! Ni mpira wa breki huu, wa kupitisha mafuta, umevimba kwa ndani. Mke wangu, panda."

Aliinyanyua pedali kwa mkono, akashuka shimoni na tochi. Dada akapanda akiwa na shali lake. Mimi nikarudi dukani kujipasha moto kwa chai. Kutoka huko niliwasikia vizuri, kanyaga, nimekanyaga, shikilia, nimeshikilia, achia. Sauti hizo nimezisikia miaka mingi, hata sizisikilizi tena.

Baada ya muda shemeji akatokea kwenye mlango wa nyuma wa duka, anapuliza vidole.

"Shem, nipe mpira mpya wa nyuma. Ule wa pale juu."

"Lipa kwanza deni la wiki iliyopita."

"Nitakulipa mbinguni."

"Huko wewe huendi."

Nilipanda kwenye stuli, nikaanza kupekua. Tulikuwa bado tunataniana. Ndipo tukamsikia dada, huko gerejini, kwa sauti yake ya kila siku.

"Nimeshikilia."

Shemeji akaacha kucheka. Nilimtazama. Mkono wake ulikuwa hewani, unaningojea.

"Nimeshikilia," dada akasema tena. Kisha, "Niachie?" Akanyamaza kidogo. "Haya."

"Anaongea na nani?" nilinong'ona.

Shemeji aliuteremsha mkono wake. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Mara hii ya mwisho sikumwambia achia," alisema taratibu. "Nimetoka shimoni, sikumwambia."

Tulikwenda. Sijui kwa nini hatukukimbia. Tulisimama mbele ya gari, mimi nimegusana bega na shemeji. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia mguu wake, kama afanyavyo akichoka.

Shimoni mtu akasema, "Shikilia."

Ilikuwa sauti ya shemeji. Na shemeji alikuwa kando yangu, midomo imefumba.

Dada akainua uso. Akatuona kupitia kioo cha mbele. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha macho yakateremka polepole mpaka sakafuni.

"Kama wewe uko hapo," alinong'ona, "chini yuko nani?"

"Achia," alisema shemeji. "Achia, mke wangu. Toka."

"Bado," ikajibu sauti yake shimoni.

Nilifungua mlango wa gari. Ulifunguka bila shida. Nilimshika dada kiunoni nikavuta, shemeji akamshika goti. Mwili wote ulikuja isipokuwa mguu wa kulia. Ulikuwa umenyooka, mgumu, baridi kuliko chuma, na wayo umegandamana na pedali iliyokwisha kuzama. Tulimvua kiatu. Kiatu kilitoka. Mguu haukutoka. Mlango uko wazi, nje tunaona barabara, na dada hatoki.

"Msinivute," alilia. "Kila mkinivuta, anashika zaidi."

Shemeji akamulika shimoni. Nilitazama naye. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na kopo la mafuta na kitambaa chake. Na juu, kwenye gurudumu la nyuma, spana yake ilikuwa bado imeshika nati. Ilikuwa inazunguka. Kidogo kulegeza. Kidogo kukaza. Bila haraka, kama fundi anayejua kazi yake.

Tochi ikamponyoka.

Tulikaa hapo. Nasema ukweli, sijawahi kuogopa vile. Shemeji alipiga magoti mlangoni, ameukumbatia mguu wa mkewe, anarudia "achia, achia" mpaka sauti ikamkauka. Kila baada ya muda dada aliuliza, kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa, "Niachie?" Na kutoka chini lilikuja neno lile moja.

"Bado."

Jua lilichelewa. Lilipoingia mlangoni lilitambaa sakafuni, likapanda boneti, likafika kwenye kioo. Pedali ikapanda yenyewe, taratibu, na wayo wa dada juu yake. Akaangukia mikononi mwetu. Tukasikiliza. Hakuna aliyesema achia.

Mwalimu alipokuja kuchukua gari akatukuta tumekaa nje juani, dada amefunikwa blanketi. Shemeji alimweleza. Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena.

"Gari hili niliuziwa na mjane," alisema. "Mumewe alikuwa fundi. Lilimuua shimoni, asubuhi ya baridi. Mjane ndiye aliyekuwa amekanyaga breki. Mguu ukachoka, akaachia kabla ya kuambiwa. Sakafu yao ilikuwa na mteremko, gari likarudi nyuma, gurudumu likatumbukia shimoni juu yake." Akaligeukia gari. "Siku ya kuniuzia aliniambia neno moja tu. Asubuhi za baridi usiwe na haraka. Nilidhani ni mambo ya injini."

Shemeji hakumlaumu. Alifunga mpira mpya akiwa amelala chini juani, gari limeinuliwa kwa jeki, na pedali akaishindilia kwa gogo. Shimo tulilijaza kifusi. Tangu siku ile gari la mwalimu ni zima, hata baridi iwe kali vipi. Anatupigia simu kutushukuru, na sisi tunamwitikia vizuri.

Mwenye tatizo ni dada.

Baridi ikipiga, anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, anaweka mguu wa kulia sakafuni. Hauinuki tena. Unakandamiza simenti mpaka mishipa inamsimama shingoni. Tukimbeba, tukimvuta, hausogei. Shemeji anampigia magoti anasema "achia", lakini neno lake halina nguvu tena, kwa sababu lilipotakiwa hakulisema. Jua likitoka mguu unalegea. Tulimpeleka hospitali. Tukifika, jua limeshapanda, na mguu mzima, hauna hata homa. Walimpiga picha, wakampima damu, wakamgonga goti kwa kinyundo. Hakuna kitu, ila wayoni kuna mistari, alama ya mpira wa pedali, na haitoki kwa maji wala kwa sabuni.

Daktari alikuwa mtu mwema. Alisema, "Mwacheni alale hapa wodini. Ugonjwa huu unataka kuonwa ukiwa umemshika."

Dada alitutazama, akaukumbatia mguu wake. "Hivyo hivyo ndivyo tulivyolifanyia gari," alisema. "Nirudisheni nyumbani."

Leo asubuhi kulikuwa na baridi. Nililala kwao. Nilimkuta ameshakaa ukingoni mwa kitanda, mguu chini, shemeji amepiga magoti mbele yake, wote wawili wamechoka hata kulia. Dada aliinama akaiuliza sakafu, "Niachie?" Sote tukasikiliza. Hakukuwa na jibu.

"Kule gerejini alikuwa ananijibu," dada alisema. "Ningejua walau yuko wapi."

Jua lilipomwachia nikampeleka nje, kisha nikarudi kufagia. Chini ya kitanda, mahali pa wayo wake, ufagio uligonga chuma. Ilikuwa spana ya shemeji, ile tuliyoitafuta siku ile kabla ya kulijaza shimo, tusiione. Ilikuwa baridi, na imelowa mafuta mabichi ya breki.

Nilitaka kuitupa. Nilifika nayo mpaka mlangoni. Kisha nikafikiri: yule wa chini akikosa spana hatamaliza kazi, na asipomaliza hatasema neno lile.

Nikairudisha palepale nilipoikuta.