Kikombe Kidogo Kando ya Jiko

"Usimjibu," mama mkwe alininong'oneza, akanikamata mkono. "Lasair, nakuambia usimjibu."

Sikuwa nimejibu. Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba, ufagio mkononi, majivu ya jiko bado yana uvuguvugu miguuni pangu, na nje ya mlango sauti ya mume wangu ilikuwa inaniita.

Mume wangu Faelan, tuliyemlilia mwaka mzima tangu tuambiwe amezama kinamasini.

"Lasair. Ni mimi. Mbona kimya?"

Swali la ajabu kwa mtu aliyezaliwa bonde hili. Ilikuwa jioni ya Samhain. Ng'ombe wamekwisha kushuka kutoka malisho ya juu, jua limezama, nusu ya mwaka yenye mwanga imefungwa, na kila nyumba imezima moto wake mpaka kaa la mwisho. Juu ya kilima wazee walikuwa wanapekecha moto mpya. Pembe ikilia, watu hupanda na mienge, huchukua moto, hurudi kuwasha majiko, na hapo nusu ya giza inaanza rasmi.

Kabla ya pembe hakuna mwaka wowote. Ni mwanya tu, na wafu wetu huutumia kurudi nyumbani. Tunawaachia mlango wazi, tunawawekea kigoda na chakula. Wanakaa, wanakula, wanaondoka. Lakini akikuita usiitikie, jina lake usilitaje, mwili wake usiuguse. Ukifanya hivyo umekubali kuongozana naye, na mwenge mpya ukifika nyumbani wewe hutakuwepo.

"Ameingia," alisema Ronan kwa sauti ya chini.

Ronan alikuwa amekaa upande wa pili wa jiko, amevaa joho jipya, kachana nywele mpaka zinang'aa. Mama mkwe wangu, Muirenn, alimlea tangu akiwa mdogo, bakuli moja na Faelan, kitanda kimoja na Faelan. Alikuwa shemeji yangu. Jioni hiyo alikuwa karibu awe mume wangu, maana kwetu mwanamume na mwanamke wakiushika mwenge mmoja kutoka kilimani na kuwasha jiko moja, ndoa imepita. Sikumpenda, nisije nikawadanganya. Ila alinikatia kuni mwaka mzima bila kulalamika, na baridi ya huku haimwonei huruma mwanamke mwenye ng'ombe sita na mama mkwe mzee.

Faelan akakaa kwenye kigoda chake. Mwanga wa mwisho wa mlangoni ulinionyesha nusu ya uso. Alikuwa amekonda, ndevu zimejaa mvi, na alinuka nguruwe. Nikajiambia, mfu wa kinamasi atanukaje? Nani kawahi kumnusa?

"Ah," alisema, kama mtu aliyekumbuka. "Nimechelewa. Nilikimbia niwahi kabla ya jua kuzama, mto ukanichelewesha. Mnadhani nimekufa."

Akamgeukia mama yake.

"Mama. Sijafa."

Muirenn alijifunika uso kwa shuka.

"Wote husema hivyo," Ronan alimnong'oneza. "Hawajui kama wamekufa. Maskini wa watu."

Bakuli lilikuwa mbele ya Faelan, uji wa shayiri na siagi juu, na kando yake kikombe kidogo cha maziwa. Alichukua bakuli akala kwa vidole, haraka, kama mbwa wa jirani.

"Mama, anakula kweli," nilisema.

"Hata marehemu kaka yangu alikula, mwaka ule. Asubuhi tulikuta bakuli limelambwa," Muirenn alinijibu. "Usimtazame sana, mwanangu."

"Lasair," Faelan aliniita tena. "Sikiliza. Chini ya kitanda chetu, upande wa kichwani, kuna jiwe jeupe. Uliliokota mtoni siku tuliyolala pamoja mara ya kwanza. Ukaniambia nikikuacha utanipasua nalo kichwa. Nani mwingine anajua hilo?"

Nikapiga hatua moja kwenda kwake, na Ronan akawa kanishika nguo.

"Shemeji, tulia. Hapo ndipo pa kuogopa. Nani mwingine anajua, si anauliza? Mfu anajua. Wafu wanajua kila kitu. Muulize mama."

"Wanaona yote," Muirenn alisema ndani ya shuka, analia. "Usiku na mchana wanatuona. Na wao kwa wao wanapokeana huko. Hakuna wanachofichwa."

Hapo ndipo nilipoelewa mtego wenyewe. Kila alichokuwa anakijua kilikuwa kinamzika zaidi.

Faelan naye alielewa. Alicheka kidogo, cheko kavu.

"Basi ngoja niseme na ndugu yangu. Ronan. Umependeza."

Ronan akatazama paa.

"Uliwaambia nimekufaje?"

Faelan akaweka bakuli chini.

"Utakuwa umewaambia nilizama. Ni kweli, nilizama. Tulikwenda kuiba ng'ombe ng'ambo ya mto, tukakimbizwa, nikaingia kinamasini mpaka kifuani. Nikavua joho langu, nikamtupia Ronan ncha moja, nikamwambia vuta. Akavuta, mama. Ila mimi nililiachia kidogo nishike vizuri zaidi, na yeye akaendelea kuvuta joho peke yake. Akalikunja. Nikamwita. Aligeuka, akanitazama, akaenda."

"Wafu wana kinyongo," Ronan alisema haraka. "Anataka kutugombanisha. Msisikilize."

Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia. Joho lile lililetwa kwangu siku ya msiba, nikalifua kwa mikono yangu. Lilikuwa na tope upande mmoja tu, chini. Upande wa juu, penye kibanio cha shaba, ulikuwa mkavu kabisa. Mwaka mzima nililala nalo na sikujiuliza mtu anazamaje na joho lisizame naye.

Nilimgeukia Ronan.

"Kwa nini lilikuwa kavu?"

"Nini?"

"Joho. Kwa nini upande wa kibanio ulikuwa mkavu?"

"Lasair, huu si wakati wa..."

"Ulisema ulilikuta linaelea."

Akatazama mlango. Nikajua. Muirenn pia alijua, maana kilio chake kilikatika ghafla.

Lakini sasa angalieni nilipobaki. Ronan alimwacha afe, hilo lilikuwa wazi kama mchana wa kiangazi. Je, alikufa au hakufa? Mtu aliyeuawa akirudi si atasema ukweli uleule? Tena yeye ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kurudi. Nikiita jina lake na kumbe ni mfu, nimekwenda. Nikinyamaza na kumbe ni mzima, nitapanda kilima na Ronan, na nikirudi na moto nitakuwa mke wa mtu mwingine mbele ya mume wangu aliye hai.

Na hapo pembe ikalia.

Ililia kutoka kilimani, ndefu, nzito. Nyumba ya jirani nikasikia watu wanatoka, watoto wanacheka, mbwa wanabweka. Ronan alisimama akachukua mwenge ukutani.

"Twende," alisema. "Mama, mwambie twende. Moto ukiingia humu ndani yeye anaondoka, na yote haya yatakwisha."

"Lasair," alisema Faelan. Sauti ilikuwa imechoka sasa. "Walionitoa kinamasini ni wenye ng'ombe wenyewe. Walinichungisha nguruwe mwaka mzima, mnyororo mguuni. Niliutoroka juzi. Sina kingine cha kukuambia. Kama unakwenda naye, nenda, sitakuzuia. Nipe maji tu."

Hakuna aliyemletea. Nilimsikia anapapasa gizani kando ya jiko, anatafuta mtungi kwa mkono, na mkono ukagonga kitu.

"Na hiki kikombe kidogo," aliuliza, "ni cha nani?"

Ronan alisimama mlangoni bila kugeuka.

"Maziwa," Faelan aliendelea, amekinusa. "Mmemwekea nani maziwa? Nani mwingine amekufa hapa?"

Nikakaa chini, palepale kwenye majivu.

Maana mume wangu aliondoka nyumbani sijamwambia nina mimba. Mwenyewe sikuwa na hakika. Nilijifungua mtoto wa kike siku ya mchana mrefu kuliko yote, nikamwita Grian, ambalo ni jua. Akaishi mwezi mmoja. Tulimzika kabla ya mavuno. Nilijifariji kwa jambo moja tu, asubuhi na jioni: kwamba hayuko peke yake huko, kwamba baba yake alimpokea mlangoni, akamnyanyua, akamwonyesha watu.

Na huyu hapa, ameshika kikombe cha mwanawe, anauliza ni cha nani.

Mfu angejua. Hakuna mfu asiyejua hilo.

"Faelan," nilisema.

Muirenn alipiga ukelele. Sikuondoka. Nyumba haikutikisika, hakuna aliyenivuta.

"Faelan. Faelan. Faelan."

"Naam, mke wangu."

Nilitambaa gizani mpaka nikamshika miguu. Kifundo kimoja kilikuwa na kidonda cha mnyororo, kibichi, kina moto wa usaha. Niliushika huo mguu nikalia. Nililia kwa furaha, na nililia kwa sababu nilikuwa nimejua kitu kingine papo hapo: mtoto wangu alikuwa peke yake huko muda wote huu.

Muirenn alisimama. Alipapasa kuta mpaka mlangoni alipokuwa Ronan.

"Mama," Ronan alisema. "Nilikuwa naogopa. Walikuwa nyuma yetu na mikuki. Halafu nikafika hapa, na yeye... mama, nilimpenda Lasair kabla hata Faelan hajamjua."

"Nipe mwenge."

"Mama."

"Nipe mwenge, Ronan."

Akampa.

"Nilikulea kwa mikono hii," Muirenn alisema. Hakupandisha sauti. "Sasa nenda. Hakuna nyumba bonde hili itakayokupa moto nikishawaeleza, na nitawaeleza leo. Mwakani, jioni kama hii, nitakuwekea bakuli. Utaingia, utakula. Ila ukiniita sitaitikia."

Ronan alisimama kidogo, kama anangoja mtu mwingine aseme neno. Kisha akatoka na joho lake jipya, akashika njia ya mtoni. Sijapata kumwona tena, na kuna nyakati namwonea huruma, tusidanganyane.

"Nani?" Faelan aliniuliza, mkono wake kichwani kwangu. "Lasair, kikombe ni cha nani?"

Nikamwambia. Sikumaliza mara moja. Alikisikiliza kile kisa kakishika kikombe kwa mikono miwili bila kumwaga tone.

"Mwezi mmoja," alisema.

"Mmoja. Wote wa jua. Hakuwahi kuona baridi."

"Alifanana na nani?"

"Masikio yako."

"Maskini," alisema, na tukacheka, halafu hatukuweza kuendelea kucheka.

Tulipanda kilima wawili, mwenge mmoja, yeye anachechemea, Muirenn akitufuata. Watu waliotuona walisimama kando ya njia, wengine wakaziba macho ya watoto wao. Mzee wa moto alimtazama Faelan kwa muda mrefu, akamtazama Muirenn nyuma yetu, na Muirenn akasema, "Ni mzima. Mpe moto." Akatupa.

Kurudi, bonde zima lilikuwa limeanza kuwaka, mlango mmoja baada ya mwingine. Tulipofika kwetu Faelan alisimama.

"Ngoja. Moto ukiingia ndani, wageni wanaondoka?"

"Ndiyo. Ndivyo ilivyo."

"Wote?"

Nikaelewa.

"Wote," nilisema.

"Basi tusiwashe kwanza."

Tukauchomeka mwenge nje, kwenye udongo, mbali na mlango. Muirenn akakaa nao kuulinda. Sisi tukaingia gizani, tukakaa chini kando ya jiko baridi. Mimi nilikaa karibu naye, kisha nikasogea, nikaacha nafasi katikati, ndogo, ya kumtosha mtu wa mwezi mmoja. Faelan akakiweka kikombe hapo.

"Mimi ndiye baba yako," aliiambia ile nafasi. Jina hakulitaja. "Nimechelewa. Nisamehe."

Nje upepo ulikuwa umetulia. Sikusikia kitu, na sitawaambia nilisikia. Ila ubavu wangu wa upande ule ulikuwa na joto, na wa upande mwingine ulikuwa na baridi, na ndani ya nyumba hapakuwa na moto.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kuwaka bonde zima. Muirenn alipoita kwamba mwenge unakufa, nilitoka nikauchukua, tukaushika mikono miwili miwili, tukawasha.

Kulipokucha kikombe kilikuwa kitupu. Mbwa wa jirani alikuwa mlangoni, najua. Mume wangu alitaka kumnusa mdomo.

"Muache," nilimwambia. "Muache mbwa wa watu."